Mikono Mipya ya Gari la Kijani

Jumatatu, 3 Machi

Gari letu la kijani limepandishwa, mimi nimeshushwa. Tangu juzi siwezi kuingia humo bila kukanyaga kiti cha jikoni, na nikishakaa inabidi nikivute kiti kwa kamba, la sivyo nitashuka na nini huko niendako? Mama mkwe tunampandisha kwa ngazi ya mbao. Leo amefika juu, akavuta pumzi, akasema, "Mmenihamishia ghorofani bila hata kuniuliza."

Muuguzi wa mashine za figo amenitaka niandike uzito wa Mama kila asubuhi. Daftari pekee lenye kurasa tupu hapa nyumbani ni hili ninaloandikia vipimo vya wateja wangu wa cherehani, kwa hiyo mbele kuna vifua na viuno vya watu, nyuma yupo Mama. Na mimi kalamu nikiishika siiachi upesi, basi nitaandika na mengine.

La kwanza ni kwa nini gari limepandishwa. Mama husafishwa damu kwa mashine kila Jumatatu na Alhamisi. Hospitali iko ng'ambo ya mto, na mto una kivuko cha zege ambacho mvua zikikolea hufunikwa na maji. Mwaka jana tulikosa siku mbili za mashine mfululizo. Alivimba miguu, kisha uso, kisha akawa anahema kama mtu anayepanda kilima ilhali amekaa kitandani. Sitaki kuyaona tena yale. Mume wangu yuko mbali, anachimba visima vya kampuni, harudi kabla ya Juni. Kwa hiyo mdogo wake, yaani shemeji yangu, na Fundi Miwani wa gereji ya hapa chini wameweka springi ndefu na shokapu ndefu, gari likapanda inchi tatu. Wakashikana mikono, wakapiga picha mbele yake.

Uzito wa Mama: 58.9.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Nimemaliza sare tatu za wahudumu wa benki.

Alhamisi, 6 Machi

Gari linatangatanga. Nikinyoosha usukani, lenyewe linakwenda kushoto kusalimia. Nikilirudisha, linapitiliza kulia. Nimemwambia shemeji, akasema gari refu lina madaha yake, nitalizoea. Mama hakusema neno njia nzima, na hilo si la kawaida. Huyu ni mwanamke aliyepiga chapa mahakamani miaka thelathini na moja, na mpaka leo ukichelewa na chai anakuhoji kana kwamba uko kizimbani.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nusura tusifike.

Tulikuwa tumeshavuka mto, tumepanda kwenye lami, naendesha mwendo wa kawaida. Gurudumu la mbele likaingia kwenye shimo dogo, la aina ninayoipita kila wiki. Hapo usukani ukaanza kupigapiga mikononi mwangu. Nimeshaona gari likitetemeka, lakini hili lilikuwa jambo jingine. Mbele nzima ilirukaruka kushoto na kulia, vioo vikagongana, ngazi ya Mama huko nyuma ikacheza ngoma. Nikaondoa mguu kwenye mafuta nikaliacha lipungue lenyewe, nikiomba kimoyomoyo, mpaka likatulia ukingoni. Lori lililokuwa nyuma yetu likapita na honi ndefu, na dereva wake akanitajia ukoo wangu mzima.

Mama alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili.

"Nirudishe nyumbani," akasema.

"Mama, tumebakiza dakika kumi tu."

"Nimesema nirudishe. Nimechoka na hiyo mashine. Kila siku sindano, kila siku sindano. Mimi ni mto wako wa kuchomekea sindano?"

Nilimpeleka hospitali kwa mwendo wa baiskeli, taa za tahadhari zikiwaka. Alipokuwa kwenye mashine nilikaa kwenye benchi la nje nikalia kidogo, kisha nikanunua andazi nikala. Niliogopa kuliko nilivyomwonyesha.

Jumanne, 11 Machi

Fundi Miwani ameingia chini ya gari asubuhi. Ni mtu wa maneno machache, miwani yake imefungwa kwa waya upande mmoja, na akitoka uvunguni huwa hasemi kitu mpaka amefuta mikono yote miwili, kidole baada ya kidole. Leo alifuta kwa muda mrefu.

"Springi hazina kosa," akasema. "Kosa letu ni kwamba tumeinua gari tukaiacha mikono ya zamani."

Nimemfanya anieleze mara mbili mpaka nikaelewa. Chini ya gari kuna vyuma virefu vinavyoshikilia ekseli ya mbele, kile chuma kinachobeba magurudumu mawili, isisogee mbele wala nyuma. Kwenye makasha vinaandikwa kontroliamu. Kwenye gereji ni mikono tu. Gari likipandishwa, mikono inaning'inia kwa mshazari, na kwa kuwa urefu wake ni uleule, inaivuta ekseli nyuma kidogo. Magurudumu yanapoteza mlalo wake, usukani unakosa pa kutulia. Juu ya hayo, bushi zake, ile mipira minene iliyo kwenye matundu ya ncha za mkono ambamo bolti hupita, zimeshachakaa. Inatakiwa mikono mingine iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lililopandishwa.

"Na hilo mlilijua kabla ya kupiga picha au baada?" nikamuuliza.

Akavua miwani akaanza kuisafisha.

Jioni Mama amesema Alhamisi haendi popote. Nikamwambia ataenda. Akasema mimi si mumewe. Nilitoka nikaenda kupiga pasi nguo ambazo zilikuwa zimeshapigwa pasi. Ukaidi wa mwanamke huyu utatuua sote kabla ya figo.

Alhamisi, 13 Machi

Ameenda. Mwendo wa baiskeli, saa mbili badala ya dakika hamsini. Maji kwenye kivuko yanafika kifundoni.

Jumamosi, 15 Machi

Leo tumechagua mikono, na nusura tugombane mbele ya watu.

Ilianzia nyumbani. Mume wangu kapiga simu, kasema mwachie shemeji achague, yeye anajua magari. Nikamwambia shemeji anajua picha za magari. Anayeshika usukani ni mimi, anayekaa pembeni yangu ni mama yako, basi nitachagua mimi. Akacheka, akasema, "Haya, mama mwenye gari."

Duka la vipuri liko njia panda, upande wetu wa mto. Mwenye duka humwita kila mtu bosi, hata paka wake. Tulikwenda watatu, mimi na shemeji na Fundi Miwani, na mkono mmoja wa zamani tumeuviringisha kwenye gunia kama mtoto mchanga. Bosi akatupangia mezani aina tatu.

Ya kwanza haikuwa mikono kabisa. Vilikuwa vipande vya chuma vya kushusha mahali mikono ya zamani inapoanzia, ili isining'inie sana. Fundi alivipenda kwa sababu vinafungwa haraka. Nikamuuliza vinashuka kiasi gani chini ya gari. Akaonyesha kiganja kizima. Nikamwambia tumeinua gari ili lisiguse mawe ya kivukoni, sasa tunataka kulining'inizia ndoana? Akavirudisha kwenye kasha.

Ya pili ilikuwa myekundu, inang'aa, ina nyuzi za kuzungusha ili kurefusha au kufupisha, na kwenye ncha, badala ya mpira, kuna vifundo vya chuma vinavyocheza pande zote. Shemeji aliishika kama mtu aliyepewa kombe.

"Shemeji, hii ndiyo yenyewe! Magari yote ya mashindano yanafunga hii. Unarekebisha unavyotaka."

"Nani atarekebisha?"

"Si unazungusha tu, halafu unakaza nati yake."

"Na nati ikilegea njiani?"

"Unaikagua mara kwa mara."

"Mimi? Na gauni langu, chini ya gari, kivukoni?"

Bosi alicheka mpaka paka akaamka. Lakini akasema kweli, namshukuru kwa hilo: vifundo vile vya chuma vinataka grisi kila mara, kwenye matope huliwa upesi, na kila kokoto utakayokanyaga utaihisi mgongoni. "Kama ni gari la kuchezea milimani, bosi, chukua. Kama unabeba mgonjwa, mimi nisingekushauri."

Ya tatu ilikuwa myeusi, mizito, haina madoido. Urefu wake haurekebishwi, imetengenezwa kwa gari lililopanda inchi tatu, na ina bushi nene za mpira ncha zote. Fundi akaushika mkono mmoja, akauinamisha, akagonga kiungo cha kuchomelea kwa spana, akatikisa kichwa kukubali. Nikatoa utepe wangu wa kupimia shingoni. Shemeji akaguna, "Shemeji, hiyo siyo suruali." Nikapima mkono wa zamani kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, kisha mpya. Mpya umezidi nusu inchi, kama Fundi alivyosema inavyotakiwa. Nikapima mwenzake wa kasha lilelile. Umezidi robo tatu.

Nikapima tena. Robo tatu. Mikono miwili ya gari moja, upande mmoja mrefu kuliko mwingine, ekseli ingekaa upande kama kofia ya mlevi. Bosi akachukua utepe akapima mwenyewe, akaanza kumlaumu aliyepakia, akafungua makasha mengine mpaka tukapata jozi iliyolingana. Njiani kurudi shemeji aliniuliza kama ninaweza kumpa utepe mmoja awe nao. Nilifurahi sana leo, sina haja ya kuficha.

Jumapili, 16 Machi

Imefungwa. Walianza kwa utulivu, gari limeinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya vigogo, magurudumu yananing'inia. Wakati wanaingiza bolti za mwisho wingu likafunga upande wa mto. Fundi akakaza zote mbio mbio akatoka uvunguni analowa. Nimewapa chai. Mama alichungulia dirishani akauliza kama tunatengeneza gari au tunamchinja ng'ombe.

Jumatatu, 17 Machi

Limenyooka! Nimeachia usukani vidole viwili tu kwenye lami na limekwenda mbele kama linajua njia. Nimepita kwenye lile shimo makusudi. Hakuna kitu. Nimeimba. Mama akasema, "Mashine inanitosha kwa mateso ya leo," lakini alikuwa anatabasamu.

Alhamisi, 20 Machi

Salama. Maji nusu ya ugoko.

Jumatatu, 24 Machi

Salama. Mvua siku nne mfululizo, nguo za wateja hazikauki.

Alhamisi, 27 Machi

Salama. Nimemletea Fundi Miwani suruali niliyomkazia mshono, zawadi.

Jumatatu, 31 Machi

Kuna kitu kinalia mbele. Kii, kii, kila tukipita tuta. Fundi anasema ni mpira mpya, utazoea.

Alhamisi, 3 Aprili

Bado kinalia. Mama ameuliza, "Hicho kinacholia ni nini?" Nikamwambia ni mpira mpya. Akauliza, "Nani kasema?" Nikamwambia Fundi. Akauliza, "Ameapa?"

Usukani umeanza tena kutafuta kushoto, kidogo sana. Au ni woga wangu.

Jumatatu, 7 Aprili

Haukuwa woga wangu.

Tuliondoka asubuhi, mvua inanyesha ile ya kutulia, isiyo na haraka ya kwenda popote. Kwenye mteremko wa kwenda mtoni gari likapita kwenye mfereji uliokata njia, na usukani ukanishinda. Ulikuwa ule mpigo wa siku ile, safari hii kwenye tope na mteremko, na mto uko mbele yetu. Nilikanyaga breki kidogo kidogo, gari likaserereka likajiegemeza kwenye tuta la udongo upande wa kilima. Ingekuwa upande wa pili, nisingekuwa naandika haya.

Injini ikazimika. Ilisikika mvua tu kwenye bati la gari. Nilimgeukia Mama. Alikuwa amefumba macho, machozi yanatoka chini ya kope, midomo inatembea.

"Mama, umeumia?"

Nikamshika mkono, ule usiochomwa sindano za mashine. Ulikuwa wa baridi. Akasema bila kufumbua macho, "Sijachoka na mashine, mwanangu. Mashine naijua. Nalala pale, inafanya kazi yake, naamka. Ninachokiogopa ni hili gari. Tangu siku ile ya lori. Kila Jumapili na kila Jumatano silali. Nilisema nimechoka na sindano kwa sababu ningesema naogopa, ungekuwa unaendesha huku unaniogopea mimi, na hiyo ingekuwa hatari zaidi."

Wiki nne nimekuwa nikimwita mkaidi, humu daftarini na mbele ya shemeji. Wiki nne amekuwa akipanda ile ngazi akiwa na hofu hiyo, na akinifanyia mzaha ili nisijue. Niliona aibu, na sikujua niiweke wapi. Nikamwambia tu, "Nisamehe, Mama." Akasema, "Nikusamehe baadaye, sasa nitoe hapa."

Nimeligeuza gari, na tumerudi nyumbani kwa mwendo wa kobe. Amekosa mashine ya leo.

Nimempigia muuguzi. Amesema: chumvi hapana, ndizi hapana, maji vikombe viwili kwa siku. Keshokutwa, Jumatano saa nane mchana, kuna mashine itakuwa wazi. Tuifikie kwa njia yoyote. Akianza kuhema usiku, nipige simu saa hiyohiyo.

Jumanne, 8 Aprili

Uzito asubuhi: 60.7. Vifundo vya miguu vimejaa. Nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki.

Fundi na shemeji walifika kabla sijamaliza kufagia. Gari likapandishwa juu ya vigogo, Fundi akaingia chini, akaifungua mikono, akatoka nayo, akafuta vidole. Bushi za mikono yote miwili zimepasuka. Za wiki tatu!

Ndipo kelele zikaanza. Shemeji akasema aliyasema, tungechukua ile myekundu. Fundi akasema Bosi ametuuzia mpira bandia. Shemeji akasema basi twende tukamvunjie duka. Fundi akasema yeye hafungi tena vitu vya duka lile. Mama yuko ndani na miguu imevimba, na wanaume wazima wawili wanabishana kama wanagombea penalti. Nikawaambia nyamazeni wote, nipeni huo mkono niuone.

Nikaugeuza kwenye mwanga. Mimi sijui vyuma, lakini kitu kilichochanika ndio kazi yangu ya kila siku. Kitambaa kibovu huchanika hovyo, popote palipo dhaifu. Mpira huu haukuchanika hovyo. Mipasuko yote ilikwenda upande mmoja, imezunguka tundu, mmoja nyuma ya mwingine, kama nguo iliyokamuliwa na kuachwa imekamuliwa. Nikachukua mkono wa pili. Vivyo hivyo. Mpira haukuwa bandia, tatizo ni kwamba ulisokotwa.

"Fundi," nikasema, "bolti ikishakazwa, huu mpira unazunguka?"

"Hauzunguki. Kitovu chake kinabanwa. Mkono ukipanda na kushuka, mpira unajipinda na kurudi."

"Unarudi wapi?"

"Pale ulipokuwa wakati wa kukaza."

"Na wakati wa kukaza gari lilikuwa wapi?"

Akatazama vigogo, akatazama magurudumu yanavyoning'inia, kama yalivyoning'inia siku ile wingu lilipofunga. Kisha akavua miwani, lakini hakuisafisha. Aliishika tu.

Mimi nilijua analolifikiria kwa sababu nimeshalifanya kwangu. Mwaka nilioanza kazi nilimpimia bibi harusi pindo la gauni akiwa amekaa, kwa kuwa alikuwa amechoka na mimi nilikuwa na haraka. Aliposimama kanisani likamwishia kwenye ugoko. Kitambaa kilikuwa safi, mkasi safi, mshono safi. Nilimpima tu katika mkao ambao hatasimama nao. Na gari letu limepimwa likiwa limening'inia. Tangu lilipowekwa chini, ile mipira imekuwa ikikamuliwa usiku na mchana, hata likiwa limeegeshwa.

"Kosa ni langu," Fundi akasema. Ilikuwa sentensi ndefu kwake. "Najua hukazwa gari likiwa chini, limesimama kwa uzito wake. Naijua hiyo tangu nijifunze kazi. Mvua ilinikimbiza."

Nilikuwa nimemwandalia maneno makali tangu jana. Nikayatafuta, sikuyapata. Nikamwambia, "Na mimi ilinikimbiza harusi."

Shemeji, ambaye nilidhani atapata cha kusema, alipanda pikipiki ya Fundi akaenda njia panda, akarudi na bushi mpya nne zimechomekwa ndani ya koti lake zisilowe. Fundi akazishindilia kwa presi gerejini. Saa kumi mikono ikarudi mahali pake, bolti zimeingizwa, nati zimeshikishwa kwa vidole tu. Kisha wakaliteremsha gari chini, kwenye sehemu tambarare ya uwanja, tukalisukuma mbele na nyuma ili likae linavyotaka.

"Liwe na uzito wake wa safari," Fundi akasema. Nikapanda kwenye kiti changu. Shemeji akapakia tairi la akiba na ndoo mbili za maji. Na kabla sijasema lolote, Mama akatokea mlangoni amejifunga shuka, anatembea polepole na miguu yake ile, akataka ngazi.

"Mama, pumzika, tutaweka gunia la mchanga."

"Gunia litakwenda hospitali kesho?" akauliza.

Akapanda. Tukakaa wawili, bega kwa bega, gari limezimwa, Fundi yuko chini yetu amejinyoosha kwa raha, maana inchi zile tatu zimemfanyia nafasi. Tulisikia spana ikigoma na kukubali, nati moja baada ya nyingine. Kila moja ilipomaliza Mama aligonga sakafu kwa kisigino na kuuliza, "Hiyo imekaza?" na sauti ikajibu kutoka chini, "Imekaza, Mama." Mara ya mwisho akaongeza, "Apa." Na Fundi Miwani, chini ya gari, kwenye tope, akaapa.

Jumatano, 9 Aprili

Uzito: 61.5. Usiku alilala ameegemea mito mitatu, nami nikahesabu pumzi zake. Hazikubadilika.

Tuliondoka saa tano ili tuwe na muda mwingi. Kwenye mteremko nilipita polepole kwenye ule mfereji. Gari likainama, likainuka, likaendelea. Hakuna kilicholia. Kidevu changu kilikuwa kinatetemeka lakini usukani ulikuwa umetulia, na afadhali iwe hivyo kuliko kinyume chake.

Mtoni tulimkuta shemeji. Alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake wa kwenye pampu ya maji anakofanya kazi, hakumwambia mtu. Alikuwa amesimama katikati ya kivuko, suruali imekunjwa, maji yanamfika magotini, ameshika fito ndefu, na amechomeka matawi kandokando kuonyesha zege linapoishia. Akatuita kwa mkono. Nilimfuata taratibu, magurudumu yakikanyaga pale alipokanyaga yeye, maji yakipita chini ya sakafu bila kuigusa. Huyu ndiye niliyesema anajua picha tu. Nilipompita nilishusha kioo nikamshukuru. Akapiga bodi la gari mara mbili akasema, "Nenda, shemeji, nenda."

Saa saba na dakika ishirini tulikuwa kwenye mlango wa hospitali. Saa nane kamili Mama alikuwa kwenye mashine. Nilikaa kwenye benchi lilelile la nje. Nilidhani nitalia, lakini nilisinzia tu, kichwa ukutani.

Alhamisi, 10 Aprili

Uzito: 57.6. Vifundo vimerudi. Mashine inayofuata ni Jumatatu. Mama ameomba chai, akanihoji ilichelewa kwa nini.

Jumatatu, 14 Aprili

Salama. Fundi aliligusa gari kabla hatujaondoka, akaligusa tuliporudi.

Alhamisi, 17 Aprili

Salama. Hailii.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua kubwa, maji magotini tena. Tumepita. Nimemuuliza Mama kama anaogopa, na sasa ananijibu kweli. Amesema, "Robo." Wiki iliyopita ilikuwa nusu.

Jumamosi, 3 Mei

Fundi amefungua gurudumu la mbele tukakagua mpira pamoja, mimi na tochi, yeye na miwani. Hakuna ufa. Bosi wa vipuri amemwambia kila mteja kwamba siku hizi anauza mikono kwa utepe. Shemeji anatembea na ule niliompa.

Alhamisi, 8 Mei

Jua. Nguo zimekauka kwa saa mbili.

Alhamisi, 15 Mei

Mto umerudi chini ya kivuko. Mama hajakosa mashine tangu ile moja.

Leo tulipopanda kwenye lami alikuwa ananisimulia kesi ya mtu aliyeiba mlango wa jirani yake, akafika katikati, akanyamaza. Nilidhani anatafuta jina la hakimu. Nikamtazama. Alikuwa amelala, mdomo wazi, kichwa kimeegemea kioo, anakoroma taratibu. Nilipita kwenye mashimo, kwenye matuta, kwenye honi za njia panda ya hospitali, na hakuamka.

Nimeegesha, nikazima injini, nikabaki nimekaa. Muuguzi alipotoka nje kututafuta na kuja kugonga kioo, nilijiwekea kidole midomoni.

"Dakika tano," nikamwambia. "Mwache kwanza alale."